Mabinti wa UPE

Kaa kijiweni saa moja tu, ndugu msomaji, utalisikia. Jamaa amekosea kuhesabu chenji, anaambiwa: "Huyu naye UPE!" Watu wanacheka, mwenyewe anajikuna kisogo, kahawa inaendelea kumiminwa. Mwingine kaandika tangazo la kupangisha chumba, "r" na "l" zimebadilishana viti. Huyo naye UPE. Wajanja hawakuishia hapo. Walizichukua zile herufi tatu, zilizokuwa jina la mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, wakazipa maana yao wenyewe: Ualimu Pasipo Elimu. Walipokuja walimu wa mafunzo ya muda mfupi katika miaka ya 2000, nao wakabatizwa "vodafasta", lakini hao ni wajukuu tu. Tusi la asili ni UPE.

Ubaya wa utani huu ni kwamba umeimeza historia. Mwulize kijana wa mjini mwalimu wa UPE alikuwa nani. Atakuchorea mzee mwenye kaunda suti iliyopauka na fimbo mkononi. Hatakuchorea binti wa miaka kumi na saba au kumi na minane, katambuga miguuni, madaftari kwapani, anakwenda kufundisha watoto sabini chini ya mti ilhali mwenyewe bado ni mwanafunzi. Na mabinti wa aina hiyo walikuwepo kwa maelfu nchi hii. Nataka tuwazungumzie hao.

Tuanzie Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huo wa ziwani ikapitisha Azimio la Musoma. Kabla ya hapo mpango wa serikali ulikuwa kwamba ifikapo 1989 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Musoma ikasema hapana, 1989 ni mbali mno, iwe 1977. Safari ya miaka kumi na mitano ikatakiwa kutembewa kwa miaka mitatu. Fikiria hilo, halafu kumbuka kwamba huo ndio wakati mvua zilikuwa zimegoma, nchi inakula unga wa yanga wa msaada, na bei ya mafuta duniani imepaa.

Hata hivyo hawakuwa wanaota ndoto tupu. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imeshafutwa 1973. Operesheni Vijiji ilikuwa inawakusanya watu mahali pamoja, wengine kwa hiari, wengine kwa kupakiwa kwenye malori huku nyumba zao nyuma zikibomolewa au kuchomwa; hilo nalo tusilifiche. Lakini watu wakishakuwa pamoja, shule inajengeka. Wanaume wanafyatua matofali, wanawake wanabeba maji, watoto wanakata nyasi za kuezekea. Wakati wa Uhuru mwaka 1961 wanafunzi wa shule za msingi nchi nzima hawakufika nusu milioni. Mwaka 1974 walikuwa kiasi cha milioni 1.2. Mwaka 1978 wakawa karibu milioni 3. Ndani ya miaka minne! Si mchezo.

Sasa tofali halifundishi. Nani angesimama mbele ya watoto hao? Vyuo vya ualimu vilivyokuwepo visingetosha hata kidogo. Ndipo likaamuliwa jambo ambalo ukilifikiria hata leo unapata kizunguzungu: wachukuliwe waliomaliza darasa la saba, wapewe darasa wafundishe, na wakati huohuo wafundishwe ualimu hukohuko vijijini waliko.

Hapa wengi hucheka na kusema, si ndiyo hivyo, kipofu kumwongoza kipofu. Ngoja kwanza. Tuulize waliomaliza darasa la saba walikuwa nani.

Katika miaka hiyo, kati ya watoto mia waliofanya mtihani wa darasa la saba, walioingia kidato cha kwanza katika shule za serikali hawakufika kumi. Waliobaki hawakubaki kwa sababu ni wajinga. Walibaki kwa sababu viti havikuwepo. Mvulana aliyebaki alikuwa na pa kushika: aende mkonge Tanga, aende machimboni, akaning'inie kwenye bomba la basi mpaka Dar es Salaam auze maji na karanga. Msichana aliyebaki alikuwa na jiwe la kusagia, ndoo, na wageni wanaokuja jioni kuongea na baba yake kwa sauti ya chini. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu aolewe akiwa na miaka kumi na mitano wazazi wakikubali, wakati mvulana ni kumi na minane. Mahakama Kuu ilikuja kusema kifungu hicho kinavunja Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Mabinti ninaowasema walikuwa wameshakuwa mabibi.

Kwa hiyo lile tangazo la UPE lilipofika vijijini kuanzia 1976, kwa mvulana lilikuwa kazi mojawapo. Kwa msichana lilikuwa mlango pekee ambao haukuwa wa nyumba ya mume. Tena mlango wenyewe ulikuwa karibu na kwao. Baba ambaye asingemruhusu binti kwenda kulala chuoni mkoa mwingine miaka miwili, aliweza kumwacha avuke mto asubuhi akafundishe, jioni arudi apike. Naamini waliopanga mpango huu walikuwa wanafikiria upungufu wa walimu na upungufu wa pesa. Sidhani kama walikuwa wanawafikiria wasichana. Mabinti walipenya kwenye ufa uliotokea wenyewe.

Mafunzo yalikwenda hivi. Miaka mitatu. Asubuhi unafundisha vipindi vichache, kwa kawaida madarasa ya chini, chini ya macho ya mwalimu mkuu. Mchana unageuka kuwa mwanafunzi: kuna vijitabu vya masomo kwa njia ya posta, kuna vipindi vya Radio Tanzania, kuna kituo ambako wanagenzi wa shule za jirani mnakutana, na kuna mkufunzi anayezunguka vituo kukagua na kufafanua. Mwisho kabisa unapelekwa chuoni kwa wiki sita, unafundishwa usiku na mchana, unafanya mtihani. Ukifaulu wewe ni mwalimu wa Daraja C. Kwa makundi matatu waliandikishwa zaidi ya watu 45,000, na karibu 38,000 wakafaulu. Hao waliolitukana jina la UPE sijui kama wanazijua namba hizi.

Kufundisha kwa redio halikuwa jambo geni, maana mwaka 1973 karibu watu milioni mbili walikuwa wamekusanyika vikundi vikundi kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya, wakatoka hapo wakachimba vyoo. Kama redio inaweza kumfanya mzee wa miaka sitini achimbe choo, kwa nini isimfundishe binti namna ya kuandaa somo?

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa hao 38,000. Alizaliwa 1959 Iramba, mkoa wa Singida, kwenye uwanda wa juu ambako ukisimama ukingoni unaiona Wembere imelala chini kama ngozi iliyoanikwa. Alimaliza darasa la saba 1975, hakuchaguliwa, akarudi nyumbani. Miaka miwili alisaga uwele na kungoja. Nimemhoji mara nyingi, na kila mara habari inaanzia mahali palepale: ng'ombe.

Mwaka 1977 serikali ya kijiji ilipoita majina ya waliomaliza darasa la saba ili wachaguliwe wa kufundisha, mchumba alikuwa ameshapatikana na mazungumzo yamefika kwenye ng'ombe kumi na wawili. Mwenyekiti wa kijiji akaenda kwa baba yake na karatasi. Mzee akaitazama ile karatasi, na hakujua kusoma, akasema:

"Mzee mwenzangu, ng'ombe kumi na wawili wanakuja kwa miguu yao wenyewe, halafu wewe unaniletea karatasi?"

Mwenyekiti akamwambia kuna posho. Kidogo, lakini kila mwezi. Mzee akanyamaza. Usiku ule, bibi anasema, baba na mama yake waliongea mpaka jogoo wa kwanza, naye anasikiliza nyuma ya ukuta wa udongo. Asubuhi mzee akatoa sharti: atafundisha, ila posho yote iletwe mkononi mwake mpaka itimie thamani ya dume moja. Sasa basi, hesabu ya dume hilo aliijua mzee peke yake. "Kila mwezi lilikuwa linanenepa," bibi anasema. "Mpaka naolewa 1980 dume la baba halijaisha kulipwa."

Nimeisimulia habari hiyo kama ilivyo kwa sababu kuna mtindo wa kuandika maisha ya watu kama hawa kana kwamba kulikuwa na baba mbaya na binti shujaa. Yule mzee alikuwa ametoka kwenye ukame, zizi limebaki na ng'ombe wanne. Alikuwa anapiga hesabu zake kama sisi tunavyopiga zetu.

Siku ya kwanza darasani alipewa darasa la kwanza, watoto sabini na kitu, chini ya mkuyu kwa sababu darasa la matofali lilikuwa bado halijaezekwa. UPE iliwakusanya wote waliopitwa na umri, kwa hiyo ndani ya darasa la kwanza kulikuwa na mtoto wa miaka saba anayelia kumtaka mama yake, na dume la miaka kumi na nne lenye sauti nzito. Wengine ni wadogo zake kabisa wa tumbo moja. Wengine aliwahi kuchunga nao mbuzi. Hakuna aliyemwita mwalimu. Walimwita kwa jina la utotoni, lile ambalo mtu ukishakuwa mkubwa unataka lisahaulike.

Hili jambo la kufundisha kwenu ndiko kulikokuwa na uchungu mkubwa kuliko hata njaa. Mwalimu aliyeletwa kutoka mbali ana heshima ya ugeni. Watu hawajui alikuwa anakojoa kitandani mpaka miaka mingapi. Binti wa UPE alikuwa hana hata mahali pa kujificha. Akimchapa mtoto, mama wa mtoto anakuja na mwiko mkononi: "Wewe juzi tu nilikubeba mgongoni, leo unamchapa mwanangu?" Akivaa gauni jipya, swali ni nani kanunua. Akikaa na mwalimu wa kiume kujadili somo, kesho habari ziko kisimani.

Vifaa? Karatasi ilikuwa kama dhahabu. Watoto waliandika mchangani kwa vidole, ukisahihisha unafuta kwa kiganja. Redio ilikuwa moja, ya mwalimu mkuu. Wanagenzi wa kike na wa kiume waliizunguka kama moto, kila mtu na daftari lake. Betri zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu kidogo, zikifa kabisa hazitupwi: zinapasuliwa, ule unga mweusi wa ndani unachanganywa na utomvu wa majani, unapakwa ubaoni. Naipenda sana habari hiyo. Betri ilimfundisha mwalimu kwanza, ikafa, halafu ikawa ubao.

Na asidhani mtu kwamba jioni walipumzika. Nchi ilikuwa katikati ya kampeni ya kufuta ujinga iliyoshika kasi baada ya 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwalimu wa kijiji ndiye aliyetazamiwa, na mwanagenzi wa UPE ndiye mnyonge kuliko wote, basi kazi inaangukia kwake. Saa tisa au kumi alasiri, watu wametoka shambani, wamekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma. Majaribio ya kitaifa yalianza 1975, na takwimu za serikali zikasema wasiojua wamebaki asilimia 39. Mwaka 1977 ni 27. Mwaka 1986 ni chini ya 10. Sema unavyotaka kuhusu takwimu za serikali, punguza unavyoweza kupunguza, bado kuna mamilioni ya watu pale waliojifunza kuandika majina yao. Hakuna malaika aliyeshuka kuwafundisha.

Mama yake bibi alikuwa kwenye darasa hilo. Alimwita binti yake "mwalimu" ndani ya darasa na jina la utotoni wakitoka nje, na hakuwahi kukosea. Baba yake hakukanyaga. Alikufa 1991 bila kujua herufi moja, na mpaka mwisho alikuwa anamtuma mkewe amsomee karatasi za mnada.

Mwaka 1980 bibi alipelekwa chuoni kwa zile wiki sita. Chuo chenyewe sitakitaja. Anakumbuka taa za umeme na wali wa Jumapili. Anakumbuka pia mkufunzi mmoja aliyewaambia siku ya kwanza, mbele ya wanachuo wengine waliotoka kidato cha nne, kwamba wao ni kiraka tu, nguo mpya ikipatikana kitatupwa. Wasichana wawili walilia usiku ule. Nilimwuliza yeye alifanya nini. Akanijibu, "Mjukuu wangu, kiraka ndicho kinachozuia makalio yasionekane." Alifaulu.

Mwaka huohuo akaolewa, na mwaka uliofuata akamzaa mama yangu. Nikipita haraka hapo ni kwa sababu yeye mwenyewe hupita haraka.

Kilichofuata kila mtu aliyekuwa mkubwa wakati ule anakijua. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba hazina. Mafuta ya taa kwa foleni, sabuni kwa foleni, watu wakafua kwa majani ya mpapai. Chaki zikavunjwa vipande vitatu ili boksi lifike mwisho wa muhula. Kitabu kimoja wanafunzi kumi. Tume ya Rais ya Elimu, ile ya Makweta, ilipomaliza kazi 1982, ilisema wazi kwamba ubora wa elimu una matatizo, na katikati ya miaka ya 1980 michango ya wazazi ikarudi. Kuanzia hapo lawama zikahitaji mtu wa kuzibeba. Huwezi kuilaumu bei ya mafuta duniani, haina sura. Vitabu havipo, haviwezi kulaumiwa. Mwalimu wa UPE yupo, unamwona, amesimama pale ubaoni na sketi iliyochakaa.

Sitaki kudanganya. Elimu ya UPE ilikuwa na mashimo. Mtu aliyeishia darasa la saba akipewa darasa la saba afundishe hesabu, kuna siku swali litamshinda, na bibi anakiri zilikuwepo siku alizowaambia wanafunzi "hilo tutalifanya kesho" halafu usiku akaenda kugonga mlango wa mwalimu mkuu. Watoto wengi walimaliza shule wakijua kidogo sana. Lakini anayelinganisha mwalimu wa UPE na mwalimu bora wa kidato cha sita analinganisha vitu ambavyo havikuwahi kusimama mlango mmoja. Kwenye ule mkuyu wa Iramba, mwaka 1977, uchaguzi ulikuwa binti huyu au mti mtupu.

Halafu ikaja Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995. Ikasema mwalimu wa shule ya msingi awe na Daraja A, maana yake awe amefika kidato cha nne kwanza. Hapakuwa na ubaya hapo, nchi lazima isogee. Lakini mtazame mwalimu wa Daraja C mwenye miaka thelathini na sita, watoto wanne, jembe, na madarasa mawili. Aliambiwa ajiendeleze. Njia ni kufanya mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT, ukifaulu unafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Na hapa ndipo penye kichekesho kichungu ambacho sijaona kikisemwa vya kutosha. Tangu 1967 shule zetu za msingi zinafundisha kwa Kiswahili. Bibi alisoma kwa Kiswahili, akafunzwa ualimu kwa Kiswahili, redio ilisema Kiswahili, amefundisha kwa Kiswahili miaka yote. Mtihani wa kidato cha nne ni kwa Kiingereza. Yaani ili aendelee kufundisha kwa Kiswahili, ilibidi afaulu biolojia na jiografia kwa Kiingereza. Alisoma kwa kibatari, kamusi kubwa ameiegemeza kwenye gunia la alizeti, anatafuta neno moja moja. QT aliipata 2002, wakati ule wa MMEM, ada imefutwa tena na madarasa yamefurika kama 1977. Kidato cha nne alifanya 2004, ana miaka arobaini na mitano, mwenye kitenge, katikati ya vijana wa sare. Msimamizi wa chumba cha mtihani alikuwa kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe "a, e, i, o, u". Yule kijana alisimama alipomwona akiingia. Halafu akakumbuka kazi yake, akamkagua kama wengine kama hajaficha karatasi.

Hisabati alipata F. Masomo mengine yakambeba. Akapata nafasi ya kusomea Daraja A, akalipata.

Nyie wenzangu mnaoandika, mnaopeleka miswada yenu mkirudishiwa na barua ya mistari miwili, nawauliza jambo. Riwaya yetu mashuhuri kuliko zote kuhusu msichana aliyefika chuo cha ualimu ni Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971. Ni riwaya kubwa, ilipigwa marufuku mashuleni, na wote tumeisoma kwa kujificha au kwa kulazimishwa. Rosa anaangamia. Tangu hapo msichana anayesoma, katika hadithi zetu nyingi, hana njia zaidi ya mbili: apotee mjini au aokolewe na mwanamume. Lakini binti wa UPE hakwenda mjini na hakuokolewa. Alibaki palepale, akashindana na jina la utotoni, na betri, na dume la baba yake linalonenepa kila mwezi. Hadithi yake haina kifo wala harusi ya mwisho, na nadhani ndiyo sababu inatuogopesha kuiandika. Inataka mtu ajue bei ya mafuta ya taa. Inataka ujue mwanagenzi alikuwa anafundisha nini saa tatu na anajifunza nini saa nane, na kama alikuwa amekula.

Wengi wao wameshastaafu, wengine wameshakwenda. Wa mwisho wa makundi yale wana miaka sitini na kitu. Hawajaandika vitabu vya maisha yao, na makabati ya wizara hayatakwambia mtu alijisikiaje alipoitwa kiraka. Kama una bibi, shangazi au jirani wa aina hiyo, nunua sukari kilo moja uende ukakae naye.

Bibi alistaafu 2019, miaka arobaini na miwili kazini. Ametunza madaftari matatu ya masomo ya redio, yamefungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya dari, panya wameonja pembe za moja. Mwandiko ni wa haraka, maana redio haikungoji. Ukurasa wa somo la kuandaa vielelezo unaishia katikati ya sentensi. Nilimwuliza kwa nini, nikidhani kuna jambo kubwa lilitokea siku hiyo.

"Betri," akasema.

Sentensi hiyo aliimalizia wiki iliyofuata kwa kunakili kwa mwenzake wa kituo cha pili, kilomita kumi na moja kwa miguu. Imeandikwa pembeni, kwa kalamu ya rangi nyingine.